Treni Itachelewa Kidogo

Hapo zamani za juzi palikuwa na nchi moja ambayo jina lake haliruhusiwi kutajwa na mtu aliyekaa. Sheria iko wazi: anayetaka kulitaja asimame, avue kofia, aelekeze uso upande iliko Ikulu, ndipo alitamke. Msimulizi wenu magoti yanamsumbua, na hadithi hii anataka kuisimulia akiwa kwenye kiti, kwa hiyo jina hatalitaja. Msomaji asihangaike kulitafuta. Si nchi yake. Kwake, kama ajuavyo mwenyewe, mambo yanakwenda vizuri.

Katika nchi hiyo treni haikufutwa. Hilo lieleweke mapema, kwa sababu wapo wenye midomo mirefu wanaosema ilifutwa. Treni ilichelewa. Kwenye ubao wa stesheni ya Lutumbi paliandikwa kwa chaki, "Treni itachelewa kidogo," na kila mwaka, ikifika Sikukuu ya Maendeleo, mkuu wa stesheni alipanda ngazi akayapitia maandishi yale kwa chaki mpya ili yasififie. Chini ya ubao mchicha uliota, ukavunwa, ukaota tena. Abiria waliokuwa na tiketi walizeeka nazo mfukoni, na wengine waliwaachia wajukuu. Wizara ya Reli nayo ikabadilishwa jina ikawa Wizara ya Safari na Subira, na tangu hapo haikupata lalamiko hata moja ambalo ilikuwa tayari kulipokea.

Dereva wa treni hiyo iliyochelewa alikuwa Mzee Mrisho Lugendo wa kota za reli, pale pale Lutumbi. Alianza kuendesha ndevu zikiota, akaendelea mpaka zikabadilika rangi. Alikuwa mtu wa maneno machache na shati safi. Kama mtu anaweza kuwa nyumbani kwake na papo hapo akawa bado hajafika, basi mtu huyo ni yeye, na habari yenyewe ilianzia kwenye honi.

Madereva wa zamani walikuwa na desturi yao. Kila mmoja alikuwa na namna yake ya kupiga honi akikaribia nyumbani, na hakuna aliyemwibia mwenzake. Wanawake wa kota walizijua honi za waume zao kama walivyojua vikohozi vyao. Ya Mrisho ilikuwa mlio mrefu, mwingine mrefu, kisha mfupi uliokatika ghafla, kama mtu aliyeanza kusema jambo akakumbuka kwamba watoto wanasikia. Aliipiga kwenye kona ya Mikwajuni, pale reli inapopinda na mabati ya kota yanaanza kuonekana. Mkewe, Bi Sikudhani, akiisikia tu alibandika maji ya ugali. Mrisho aliingiza treni stesheni, akakabidhi kichwa cha treni kwa mafundi, akanawa grisi, akatembea taratibu mpaka nyumbani. Akikanyaga kizingiti, ugali ulikuwa unageuzwa sahanini. Hawakuwahi kuambiana kwamba wanapendana, maana maneno hayo kota nzima haikuwa nayo. Walikuwa na honi na maji ya ugali, vikawatosha.

Safari yake ya mwisho ilikatikia porini. Alikuwa anatoka magharibi, mabehewa yamejaa watu na magunia ya vitunguu, mara akaona mbele hakuna reli. Mataruma ya mbao yalikuwepo, yamelala kwa mpangilio, ila chuma kilikuwa kimeng'olewa. Baadaye ilikuja kufafanuliwa kwamba hapakuwa na wizi wowote. Chuma kile kilichukuliwa kihalali kabisa, kikajengewa Mnara wa Maendeleo ya Reli katikati ya mji mkuu, mnara mrefu kuliko mnara wowote wa majirani.

Abiria wakashuka, wakajitwika vitunguu vyao, na Mrisho akatembea nao kwa siku kadhaa. Aliingia nyumbani kwa mlango wa uani, miguu imevimba. Bi Sikudhani alimpokea, akamkanda kwa maji ya chumvi, akamtazama kwa jicho la utani.

"Mbona sijasikia honi? Huyu ni Baba Zena kweli, au nimeletewa jini?"

Wakacheka wote wawili. Ulikuwa utani mzuri, nao wakautumia miaka mingi.

Kisha kumbukumbu za Bi Sikudhani zikaanza kuondoka moja moja, bila kuaga. Yaliondoka majina ya majirani, ikaondoka njia ya sokoni, na asubuhi moja ikaondoka sura ya mumewe. Utani ule ukabaki peke yake, ila sasa haukuwa utani tena.

"Mume wangu hajafika," aliwaambia watu. "Angefika, ningesikia honi. Treni imechelewa kidogo."

Ndivyo ilivyotokea kwamba katika nchi nzima alibaki raia mmoja tu aliyeiamini kauli ya serikali neno kwa neno, naye alikuwa mgonjwa.

*

Mzee Mrisho akawa mgeni nyumbani kwake. Bi Sikudhani hakuwa mkorofi. Alimheshimu mgeni wake. Alimwita "mzee wangu," akampa kiti kizuri, akamkaribisha chakula kabla ya yeye mwenyewe kula. Lakini chumbani hapakuingilika. "Mimi ni mke wa mtu," alisema kwa upole, na Mzee Mrisho akatandika mkeka sebuleni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Bi Sikudhani alikuwa mtu wa kufuata ada: siku ya tatu alimkabidhi jembe kweli. Tangu hapo Mzee Mrisho alipalilia mihogo aliyoipanda mwenyewe, na jioni alishukuriwa kwa msaada wake.

Kila siku jua likielekea kuzama, Bi Sikudhani alipakua sahani ya mumewe, akaifunika kwa kawa na kuiweka mezani. Asubuhi aliwapa kuku. Mzee Mrisho alikula sahani ya mgeni akiitazama ile ya mwenye nyumba, yake, ikipoa. Kusema ametoneshwa ni kusema kidogo. Mtu akifiwa na mkewe huja watu wakamshika mkono wa pole. Yeye mkewe alikuwa hai, mzuri vilevile, anamngoja kwa moyo wake wote, na hakuna aliyejua pole yake aitoe kwa maneno gani.

Zena, binti yao aliyeachika akarudi kuwatunza, alikuwa akimwita Mzee Mrisho "Baba" mbele ya mama yake. Bi Sikudhani alifurahi. "Nimemlea vizuri huyu," alimwambia mgeni. "Anawaheshimu wazee wa wenziwe."

*

Sasa ikatokea kwamba wageni fulani kutoka nchi za mbali walimwuliza Mtukufu Mlezi wa Taifa, kwa adabu, kama nchi yake ina reli. Mtukufu akajibu kwamba si reli tu, ina hata dereva wa kustaafu. Baada ya jibu hilo ilibidi dereva apatikane na astaafu haraka.

Alitumwa Bwana Gervas Mtepa, Mkurugenzi wa Shangwe, mtu mwembamba wa mwili na mnene wa maneno. Alifika kota na suti ya rangi ya maziwa, akafuta kiti kwa leso kabla ya kukikalia.

"Mzee, taifa limeamua kukuenzi," alisema. "Utumishi wako uliotukuka umelitikisa taifa mpaka kwenye mizizi ya dhamira yake."

"Ahsante, bwana."

"Kuna kikwazo kidogo tu. Mtu hustaafu akishamaliza safari. Wewe, kwa taarifa za wizara, bado uko njiani."

"Niko hapa, bwana. Nimekaa."

"Umekaa, ndiyo. Ila hujafika."

Bi Sikudhani alikuwa anachambua mchele karibu na mlango. Akainua uso. "Umesikia, mzee wangu? Hata serikali inasema hajafika. Wewe kila siku unaniambia nisimngoje."

Mkurugenzi alimtazama kwa shukrani. Miaka yote ya kazi yake hakuwa amekutana na mwananchi aliyeelewa sera kwa kina kiasi kile.

Akaeleza mpango. Treni itafika. Itafika mbele ya watu, kwa ngoma na vifijo. Mzee atakuwa amemaliza safari, atastaafu, atavishwa Nishani ya Kufika. Je, Mzee mwenyewe ana ombi lolote? Mkurugenzi alikuwa amejiandaa kukataa nyumba, ng'ombe na barabara ya kupewa jina.

"Niipige honi," Mzee Mrisho alisema. "Pale Mikwajuni. Mara moja tu."

"Halafu?"

"Basi."

Mkurugenzi alionekana kama mtu aliyebeba mwavuli na mvua isinyeshe. Akakubali pale pale.

Jioni ile Mzee Mrisho alitoa ovaroli lake la buluu kwenye sanduku, akalifua, akalianika uani. Kofia yake ya kazi, iliyokuwa na alama ya jasho kuzunguka ukingo wote, aliipiga vumbi akaining'iniza kwenye msumari. Zena alikuwa kando, anamtazama.

"Nitaipiga, nitashuka, nitakuja kwa miguu yangu mpaka mlangoni," alimwambia. "Wewe kaa naye. Akifungua, atanikuta mimi."

"Na asipokujua, Baba?"

"Atanijua. Nitakuwa nimefika."

*

Maandalizi yalikuwa makubwa. Kwa kuwa reli haikuwepo, palihitajika chuma, na kwa kuwa chuma chote kilikuwa kwenye Mnara wa Maendeleo ya Reli, mnara ulibomolewa. Wananchi wa mji mkuu waliambiwa unapanuliwa. Kipande cha reli kikatandikwa kutoka Mikwajuni mpaka stesheni, kisizidi hapo hata hatua, na gazeti la serikali likaandika kwamba mtandao wa reli sasa unaiunganisha Lutumbi na maeneo ya jirani.

Kichwa cha treni kilitolewa porini pamoja na nyuki waliohamia humo. Injini ilikuwa imekufa, lakini hilo halikuwa tatizo: walimu wa shule za msingi waliagizwa kukisukuma kwa nyuma, wamefunikwa na bendera wasionekane. Honi ililetewa kompresa ya mafundi wa matairi, ikajazwa upepo, ikakohoa, ikalia. Iliundwa Kamati Ndogo ya Machozi ya Furaha, nayo ikaandaa vitunguu vya kugawiwa kwa wote watakaokaa mstari wa mbele.

Mzee Mrisho aliisikia honi ile ikijaribiwa kwa mbali, mlio mmoja usio na maana, na moyo ukamruka. Bi Sikudhani aliinua kichwa, akasikiliza, akarudi kwenye mchele wake. "Si yeye," alisema.

Siku mbili kabla ya sherehe Mkurugenzi alirudi, uso umejaa tabasamu.

"Mzee, kuna habari njema kuliko zile njema. Mtukufu Mlezi anakuja mwenyewe."

"Alhamdulillahi."

"Na kwa upendo wake, hutahangaika kupanda kule juu. Honi atakupigia yeye."

Mzee Mrisho alidhani hakusikia vizuri. Mkurugenzi akamweleza polepole, kama anayemweleza mtoto kwa nini hapewi kisu. Sheria ya Utulivu inasema kwamba katika hadhara aliyopo Mtukufu, hakuna sauti ya binadamu, mnyama wala chombo itakayotangulia sauti yake. Mwaka uliopita jogoo wa shule moja alikuwa ameivunja sheria hiyo, na mwalimu mkuu bado anahojiwa.

"Lakini ile ni honi yangu, bwana. Mke wangu anaijua."

"Ndiyo maana nimekuja. Mtukufu anataka aipige kama wewe hasa. Uhalisia, Mzee. Wageni wanapenda uhalisia. Hebu niimbie." Akatoa simu yake, akaielekeza kwenye mdomo wa Mzee.

Mzee Mrisho aliitazama ile simu. Lilimjia wazo la kumpa honi ya uongo, milio yoyote, wakaipige hewani wanavyotaka. Angebaki na yake. Lakini angebaki nayo afanye nini? Kichwa kile baada ya sherehe kisingelia tena, na mkewe angengoja mpaka kaburini. Honi iliyopigwa na mkono wa mtu mwingine bado ni honi. Akiisikia atajua kwamba mumewe amefika, na mumewe akitokea mlangoni wakati huo, nani atauliza kamba ya honi ilivutwa na nani?

"Nitakuimbia," alisema. "Ila honi ikishalia tu, niachwe niende nyumbani. Mara moja. Kuna mtu ananisubiri."

"Nakuahidi kwa niaba ya wizara yenye jina la Subira."

Basi Mzee Mrisho akaikaribia simu, akaiimba honi yake: mrefu, mrefu, mfupi unaokatika. Akairudia ili ishike vizuri. Mkurugenzi alishukuru. Akiwa anatoka, macho yake yakaangukia kwenye msumari.

"Na kofia hii tunaiazima. Jasho kama hili halipatikani dukani."

*

Siku yenyewe Lutumbi yote ilihamishiwa stesheni. Zena peke yake aliruhusiwa kubaki na mgonjwa. Mzee Mrisho aliketishwa mstari wa mbele, kiti cha pembeni, amevaa ovaroli bila kofia, na nyuma yake akasimama kijana wa itifaki mwenye mkono mzito. Mjumbe wa Kamati Ndogo alimpa nusu kitunguu. Akamrudishia.

Ngoma zikanyamaza. Kwenye kona ya Mikwajuni kichwa cha treni kikajitokeza, kimepakwa rangi ya dhahabu, kinatambaa kwa nguvu za walimu. Juu yake dirishani alionekana Mtukufu Mlezi katika ovaroli la hariri ya buluu, kichwani amevaa ile kofia. Akaivuta kamba.

Mrefu. Mrefu. Mfupi, ukakatika.

Mtukufu alikuwa amejifunza vizuri, lazima tumpe haki yake. Ililia vile vile. Mzee Mrisho alihisi miguu yake ikiamka kabla yake. Mabati ya kota yalikuwa pale pale ng'ambo, na chini ya mojawapo mtu alikuwa anafikia chungu cha maji. Akasimama aende.

"Mzee, bado Wimbo," kijana wa itifaki alimwambia sikioni, na mkono ukamshuka begani.

Wimbo wa Taifa wa nchi ile una beti nyingi kupindukia, kwa kuwa kila mwaka Mtukufu huongezewa sifa na hakuna sifa inayopunguzwa. Ukianza kuimbwa hakuna ruhusa ya kusogea, isipokuwa kwa Mtukufu mwenyewe. Askari hukakamaa, nzi huachwa watue. Atakayetikisika atalala ndani. Kwa urefu wake, maji yakibandikwa ubeti wa kwanza, ugali utaiva kabla ya ubeti wa mwisho.

Nao uliiva. Watu wote wamekakamaa, mikono vifuani, mara akaonekana mtu mmoja anatembea. Alikuwa Bi Sikudhani. Alijifunga kanga mpya, nywele amezisuka, mikononi amebeba sahani iliyofunikwa kwa kawa. Zena alikuja kusimulia baadaye: mama yake alisikia honi, akabandika maji, akasonga ugali akiimba, kisha akasema, "Leo simngoji mezani. Ngojangoja huumiza matumbo." Zena alimfuata mbio mpaka kwenye geti la stesheni, na hapo askari aliyekakamaa akamzuia kwa mguu bila kuacha kuimba.

Bi Sikudhani hakuzuiwa na mtu. Walinzi walimwona akipita, wakageuza macho tu, kwa sababu kugeuza shingo ni kosa. Alipita mbele ya mabalozi, akapita mbele ya Waziri wa Safari na Subira. Akapita mbele ya Mzee Mrisho, karibu kabisa, harufu ya mafuta ya nazi aliyojipaka ikamfikia. Hakumtazama. Alikuwa anakitazama kichwa cha treni, na mtu aliyekuwa akishuka ngazi zake, amevaa ovaroli la buluu na kofia anayoijua.

Ubeti wa mwisho ukaisha. Katika kimya kile kila mtu alimsikia.

"Baba Zena. Umechelewa, mume wangu."

Akapiga goti akamwamkia.

Nchi nzima ilishika pumzi. Mkurugenzi wa Shangwe aliona maisha yake yakipita mbele ya macho, kisha akaona namna ya kuyaokoa. Akapiga makofi. Na wengine wakapiga, kwa kuwa mtu hawezi kujua, huenda ilipangwa. Mtukufu Mlezi, ambaye alikuwa anapokewa na wanawake waliopangwa tangu aingie madarakani, na hakuwahi hata mara moja kutazamwa vile, alimshika mkono.

"Nimefika, mama," alisema.

Mzee Mrisho alikuwa ameshapiga hatua. Jina la mkewe lilikuwa mdomoni, limebaki kutoka tu. Kijana wa itifaki alimkamata mkono na kumnong'oneza, "Mzee, kaa, unaharibu picha." Lakini si kijana aliyemzuia. Kilichomzuia ni uso wa Bi Sikudhani. Ulikuwa umefunguka. Miaka yote ile ya kutega sikio ilikuwa imeondoka usoni pake, na alikuwa anacheka kwa upande, kicheko chake cha kumpokea mumewe kizingitini, ambacho Mzee Mrisho alikwishasahau kwamba amekisahau. Akiita sasa, atakivunja. Ataugeuza uso ule, utamwona mgeni, nao utajifunga tena.

Akakaa. Machozi yakamtiririka mpaka kwenye kola, na Kamati Ndogo ikamwandika kuwa amelia vizuri kuliko wote, bila kitunguu.

Chakula cha Mtukufu hakiliwi kabla ya kuonjwa. Mwonjaji wa kwanza akaonja, wa pili akamhakiki wa kwanza, wa tatu akawahakiki wote wawili, na sahani ikaisha. Bi Sikudhani alishangaa kuona mumewe amerudi na marafiki wengi wenye njaa, ila hakukasirika. Nyumba ya dereva wa treni ilizoea watu. Mtukufu akahutubia.

"Wapo waliosema treni haitakuja. Leo nawauliza, mimi nimefikaje? Kuchelewa si kutofika. Kuchelewa ni kufika kwa heshima."

Nishani ya Kufika ikavishwa kwenye kifua cha aliyefika, yaani cha kwake. Mzee Mrisho alipewa cheti cha kushuhudia. Kisha milango ya magari ikafunguliwa.

"Unakwenda wapi tena, Baba Zena?" Bi Sikudhani aliuliza.

"Ana kazi za taifa, mama," Mkurugenzi alimjibu, akimwondoa taratibu kwa kiwiko.

"Ah. Mwacheni basi. Kazi ni kazi." Akaupunga mkono. "Amefika. Nimemwona."

Kofia haikurudishwa. Kompresa ilirudishwa kwa mafundi wa matairi. Ubao wa stesheni ulifutwa jioni ile ile, na kwa kuwa hakuna aliyeagiza kiandikwe nini badala yake, ukabaki mweusi.

*

Jua lilikuwa linazama walipokaa kula. Bi Sikudhani alipakua sahani tatu: yake, ya Zena na ya mgeni. Ya nne hakuipakua. Kawa aliitundika ukutani, akaipangusa mikono, akakaa. Zena aliliona lile, akainuka akaenda uani, na huko nje akasikika akipenga kamasi.

"Leo nina furaha, mzee wangu," Bi Sikudhani alisema. "Ulimwona mume wangu?"

"Nilimwona."

"Amenenepa. Lakini kofia ni ile ile." Akala tonge. Akamtazama mgeni wake kwa muda, kwa huruma, kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Na wewe, mzee wangu, kwani huna mke?"

"Ninaye."

"Yuko wapi?"

Mzee Mrisho aliweka tonge chini. "Yuko nyumbani."

"Anakungoja?"

Mzee Mrisho aliyapekua majibu yote aliyokuwa nayo, na kila moja lilikuwa la kweli na kila moja lilimchoma.

"Alikuwa ananingoja," alisema.

"Na wewe umekaa hapa miaka yote hii unalima mihogo ya watu." Bi Sikudhani alitikisa kichwa. Hakuwa anamfokea; alikuwa anamsikitikia huyo mwanamke mwingine. "Nenda kwako, baba. Mimi nakijua kungoja. Usimfanyie mwenzio hivyo."

Akainuka mwenyewe, akafunga ugali uliobaki na kipande cha samaki kwenye jani la mgomba, akampa mkononi. Akamsindikiza mpaka kizingitini, kama anavyosindikizwa mgeni aliyekaa kwa wema, na akamwombea safari njema. Mlango ukafungwa taratibu, bila hasira.

Mzee Mrisho alisimama uani na kifurushi chake. Aliutazama mlango alioupaka rangi mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu chuma kile king'olewe alielewa kwamba zamani alikuwa na kitu: kulikuwa na mtu mle ndani anayemtaka, hata kama hakumjua. Sasa hata huko kungojwa kumechukuliwa, na aliyechukua amekwenda nako mji mkuu na hajui kama anako.

Zena alimtandikia jikoni, nje, karibu na mafiga. Redio ya jirani ilikuwa inatangaza kwamba treni imewasili salama na taifa sasa halina ucheleweshaji wa aina yoyote.

Asubuhi Mzee Mrisho alinawa, akafunga vifungo vyote vya shati, akazunguka kwa mbele. Akapiga hodi.

"Karibu," Bi Sikudhani alifungua. Alimwangalia juu mpaka chini. "Umetoka mbali, baba?"

"Mbali kidogo."

"Pole na safari. Ingia ukae." Akamvutia kile kiti kizuri. "Mwenye nyumba hayupo, lakini usiwe na wasiwasi, alishafika. Hapa hatumngoji mtu tena."